Klachi Inayoteleza: Tumtafute Mkosaji Kabla ya Kununua Pleti

Mhadhara uliotolewa mbele ya waendesha bodaboda, mafundi na wanafunzi wa ufundi

Walioandaa mkutano huu wameniruhusu kuleta ukumbini vyuma vyenye oili na kuvipanga juu ya meza ambayo siku nyingine huwekwa maua na chupa za maji. Nimetandika magazeti chini yake, kwa hiyo mhudumu wa ukumbi awe na amani.

Nimeombwa nieleze tatizo ambalo hakuna kijiwe kisicholijua: injini inalia, pikipiki haiendi. Klachi inateleza. Dawa inayotolewa karibu kila mara ni ile ile, badilisha pleti. Nimekuja kuipinga dawa hiyo, au tuseme kuirudisha mahali pake, ambapo ni mwisho wa uchunguzi. Pleti iliyoungua ni ushahidi. Mkosaji yuko kwingine. Fundi akiweka pleti mpya bila kumkamata mkosaji huyo, mteja amenunua wiki chache za nafuu, kisha atarudi, na safari hii atarudi na maneno.

Nitazungumzia pikipiki ndogo za cc 100 hadi 150 zenye klachi ya mkono, yaani Boxer, TVS, na ukoo mrefu wa mashine za Kichina zilizoiga Honda CG125. Bajaji za matairi matatu nazo zina klachi ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo wenye bajaji msitoke. Mwishoni nitagusa baiskeli iliyofungwa injini, kwa sababu vijana wawili wa mwaka wa pili wameileta ya kwao hapo nje na wameniomba nisiwasahau.

1. Anayebana ni springi

Upande wa kulia wa injini, nyuma ya kava kubwa, kuna gia ya krenki inayozungusha hausingi ya klachi. Ndani ya hausingi zimepangwa pleti za aina mbili kwa kupokezana. Hizi ninazozinyanyua zina utando wa msuguano. Masikio yake yanaingia kwenye mipasuo ya hausingi, kwa hiyo zinazunguka pamoja na injini. Hizi nyingine ni chuma kitupu. Meno yake yako kwa ndani na yanakamata senta, na senta imekaa kwenye shafti ya giaboksi. Juu ya zote inakuja preshapleti, na springi, kwa kawaida nne katika pikipiki hizi, zinazigandamiza zote ziwe kitu kimoja.

Hapo kuna jambo ambalo hata fundi mzoefu hulisahau akiwa na haraka. Anayebana klachi ni springi, muda wote, bila msaada wa mtu. Mkono wa klachi kazi yake ni kufungua tu. Kila kinachotokea kwenye mkono na kwenye waya, kama kinafanya lolote kwa klachi, kinaipunguzia nguvu. Hakuna namna ya kuikaza klachi kwa kuukaza waya.

Uwezo wa klachi kushika unatokana na mambo manne: springi zinabana kwa nguvu kiasi gani, nyuso zinazosuguana ni ngapi, nyuso hizo zinakamatana kiasi gani zikiwa ndani ya oili, na pleti ni pana kiasi gani. Pleti tano za msuguano zina nyuso kumi. Wanafunzi, mambo haya manne yanazidishwa, hayajumlishwi. Moja likipungua robo, uwezo wote umepungua robo, hata kama yale matatu yametoka dukani leo asubuhi. Sasa, upana wa pleti haubadiliki barabarani, na idadi haibadiliki, isipokuwa kama kuna mtu alifungua akarudisha pleti pungufu. (Naona mafundi wawili wanatazamana.) Wanabaki washukiwa wawili: kubana na kukamatana. Mhadhara wote uliobaki ni kuwafuatilia hao wawili.

Kiwandani klachi hupewa akiba, yaani inaweza kupitisha nguvu zaidi ya ile ambayo injini inaweza kutoa. Kuteleza kunaanza akiba ikiisha, na kunaanzia pale injini inapovuta kwa nguvu na kwa muda mrefu: gia ya juu, mlimani, abiria nyuma. Kwenye gia ya kwanza pikipiki inakubali kuondoka upesi, mzunguko unapanda, unabadilisha gia, mambo yamepita. Kwenye gia ya nne au ya tano mzigo hausogei upesi hivyo. Injini inasukuma na kusukuma, na kama kuna mahali pa kuachia, pataachia hapo. Ndiyo maana dereva anayezunguka mjini kwenye tambarare anaweza kukaa na klachi iliyochoka kwa miezi bila kujua, na siku akipata abiria wa kutoka Mombo kupanda Lushoto anaachwa kwenye kona ya tatu.

Na ikishaanza kuteleza hairudi nyuma. Kuteleza kunazaa joto, joto linaunguza gundi iliyoshika utando, uso unakuwa mgumu na kung'aa, msuguano unashuka, kuteleza kunaongezeka. Dereva anayesema atavumilia mpaka mwisho wa mwezi ajue kwamba klachi haitavumilia pamoja naye.

2. Kwanza hakikisha ni klachi

Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu. Ukiwa gia ya juu na mwendo wa kama kilomita 40 kwa saa, vuta mafuta kwa mkupuo. Sikiliza injini na tazama mita ya mwendo. Wengi wenu mita ilikwishakufa, basi tazameni nguzo za umeme zinavyopita. Mlio ukipanda haraka na mwendo usipande nao, klachi inateleza. Mlio ukibaki mzito na pikipiki ikakosa nguvu, ugonjwa uko kwingine: kabureta, kichujio cha hewa, mgandamizo, au breki ya nyuma inayoshika. Kwenye klachi inayoteleza injini inakimbia na kuiacha pikipiki. Kwenye injini dhaifu vyote viwili vinazembea pamoja.

Kuna wengine wawili wa kuwaondoa kwenye orodha. Cheni iliyolegea juu ya spoketi yenye meno yaliyochongoka inaruka, na inaruka kwa mshtuko na kishindo unachokisikia mpaka kwenye kiti. Gia inayochomoka nayo inaiachia injini ilie ghafla, lakini ukikanyaga gia unaikuta imerudi nyutro. Klachi inateleza kwa ulaini, bila kishindo.

Kipimo cha pili ni cha papo hapo. Simamisha pikipiki, shika breki zote mbili, weka gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini. Injini ikiendelea kunguruma huku umeachia mkono kabisa, hakuna cha kubishana. Fanya mara moja, usifanye ya pili ili kumwonyesha mwenzako, kwa sababu kila mara unazipika pleti.

3. Mchezo wa waya

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo pesa nyingi zinapopotea bure.

Vuta mkono wa klachi kwa kidole kimoja mpaka usikie uzito wa springi. Ile safari ya bure kabla ya uzito ndiyo mchezo. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ncha ya mkono inatakiwa isafiri milimita 10 hadi 20. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Mchezo ukiwa mkubwa mno klachi haikati vizuri, gia zinakuwa ngumu, nyutro inakataa kuingia. Mchezo usipokuwepo kabisa, waya unaivuta preshapleti kidogo muda wote, na springi zinagawa nguvu zake kati ya pleti na waya. Klachi ya namna hiyo ni mlango uliozuiwa na kokoto: ukiutazama umefungwa, lakini kitasa hakijaingia.

Kwa nini mchezo unapotea? Kila dereva anajua kwamba waya ukivutika mchezo unaongezeka, na ndiyo sababu mikono ya madereva ina mazoea ya kukaza. Lisilojulikana sana ni kwamba pleti zikilika mchezo unapungua. Pleti zikiwa nyembamba, rundo zima linakuwa fupi, preshapleti inaingia ndani zaidi kuzifuata, na ile nafasi ndogo kati yake na kifaa kinachoifungua inakwisha. Kwa hiyo pikipiki iliyorekebishwa vizuri mwezi wa kwanza inaweza kufika mwezi wa nne ikiwa haina mchezo hata kidogo, na hakuna aliyegusa nati. Bila mchezo inateleza, kwa kuteleza inalika, kwa kulika inazidi kukosa mchezo.

Halafu kuna suala la mazoea. Wapo madereva wanaotaka klachi ikate juu, yaani ukigusa tu mkono iwe imefunguka, kwa sababu vidole vinachoka kwenye foleni. Ninawaelewa, atakayekaa foleni ya Ubungo na mkono umekamatwa saa nzima atajua. Lakini kukata juu kunakopatikana kwa kumaliza mchezo kunalipwa na pleti. Mkono ukiwa mzito, tia oili kwenye waya, au nunua waya mpya. Waya ni kitu cha bei ndogo ukiulinganisha na pleti.

Kurekebisha kuna mpangilio wake. Kwanza irudishe ndani skrubu ya juu, ile iliyo kwenye mkono. Nenda chini kwenye injini, legeza nati ya kufungia, weka mchezo wa jumla hapo, funga nati. Rudi juu umalizie kwa marekebisho madogo. Wengi wanaanza na kuishia juu, mpaka skrubu imetoka karibu yote na inashikwa na nyuzi tatu. Siku ikivunjika wanasema Mchina ametuuzia vibaya. Ukishamaliza, washa injini, geuza usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Mchezo ukibadilika, waya umepitishwa pabaya, umebanwa na usukani au na ile taa ya ziada mliyofunga wenyewe. Ufuate kwa macho mpaka chini. Ukipita karibu na ekzosi, utando wa plastiki wa ndani unayeyuka na waya unang'ang'ania: unavuta, unaachia, haurudi wote.

Kabla ya kufungua chochote, fanya jambo moja zaidi. Legeza waya kupita kiasi, mpaka gia zianze kuwa ngumu kidogo, urudi barabarani ukarudie kipimo cha gia ya juu. Klachi ikishika, umemkamata mkosaji bila kufungua bolti hata moja. Weka mchezo sahihi, mwambie mteja aende. Ikiendelea kuteleza, waya hauna hatia, sasa tuingie ndani. Lakini hatuingii ndani kwa spana. Tunaingia kwa swali.

4. Oili uliyoweka ni ipi, na uliiweka lini?

Hilo ndilo swali. Kwenye gari la kawaida la gia za mkono klachi iko pakavu, mbali na oili. Kwenye pikipiki zetu klachi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, kama lita moja hivi, ambayo inalainisha pistoni, inalainisha gia, na wakati huo huo inaombwa isilainishe klachi kupita kiasi. Ni ombi gumu, na Wajapani waliliona mapema. Mwaka 1998 walitoa kiwango kinachoitwa JASO T 903, ambacho kinazipanga oili za pikipiki za mipigo minne kwa kuangalia zinavyoathiri msuguano wa klachi. Oili yenye alama ya MA, MA1 au MA2 inafaa klachi iliyo ndani ya oili, na kati ya hizo MA2 ndiyo yenye msuguano mkubwa. Yenye alama ya MB ina msuguano mdogo, imekusudiwa mashine kama skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili ya injini. Geuza chupa, tazama nyuma, tafuta herufi hizo. Namba kubwa ya 20W-50 iliyo mbele inakuambia uzito wa oili. Haikuambii lolote kuhusu klachi.

Oili nyingi za kisasa za magari, hasa zile nyepesi zinazosifiwa kwa kupunguza matumizi ya mafuta, zina viungo vya kupunguza msuguano. Kwenye gari ni neema. Kwenye klachi yako ni adui aliyelipiwa. Sisemi kila oili ya gari itaiua klachi, maana wapo humu waliotumia 20W-50 ya gari miaka mingi na wanaendelea. Nasema kwamba anayebahatisha asishangae siku bahati ikigeuka. Ninachokikataa bila masharti ni vile vichupa vya dawa ya injini vinavyouzwa vituoni, vya kumimina juu ya oili ili injini iwe laini. Kinachopunguza msuguano kwenye pistoni hakina macho ya kujua kwamba hapa sasa ni klachi.

Dalili ya ugonjwa wa oili ni wakati wake. Klachi ilikuwa nzima, mteja akabadilisha oili, siku chache baadaye inateleza. Mwaga oili ile, weka iliyo sahihi, mwache atembee kwa siku kadhaa, imwage tena na uweke nyingine. Mara nyingine pleti zinapona. Mara nyingine zimekunywa mno, na hapo ni kubadilisha. Lakini angalau sasa unajua kwa nini, na pleti mpya hutazitumbukiza kwenye sumu ile ile.

Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 waliitengeneza kwa makusudi iwe injini ya kuvumilia nchi ambazo huduma inachelewa. Imevumilia kweli. Uvumilivu huo umetuzoesha vibaya. Tunaona injini haifi tukadhani oili ni suala la rangi.

5. Kufungua

Tumefika kwenye spana, na sasa naomba msogee kidogo.

Mwaga oili kwanza, kwenye chombo safi, si kwenye mchanga wa kijiweni. Inuse. Klachi iliyoungua ina harufu kali ya kitu kilichochomwa ambayo haichanganyiki na harufu ya oili iliyozeeka tu. Chovya vidole viwili usugue: ukiona vumbi jeusi la utando, jibu limekwisha kuja kabla hujafungua. Kisha chukua kipande cha kadibodi, chora umbo la kava, toboa matundu, na kila bolti unayoitoa ichomeke mahali pake. Bolti za kava hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi itagota chini na kupasua aluminiamu, na hapo umeacha kutibu klachi, unatibu injini.

Bolti za springi zilegeze kwa msalaba, kila moja kidogo kidogo. Ukifungua upande mmoja wote kwanza, preshapleti inalala kiupandeupande na nguzo za senta, ambazo ni aluminiamu, zinavunjika. Mnaiona hii? Nguzo moja imekatika kwenye shina. Aliyeileta alikuja kwa pleti, akaondoka amenunua na senta.

Sasa pitisheni pleti hizi mbili mikononi, moja kwa kila upande wa ukumbi. Ile yenye vijitofali vya kahawia vyenye uso mkavu usiong'aa ni mpya. Ile nyeusi, laini kama kioo, ni iliyoungua. Ikamateni kwa vidole, pitisheni kucha kwenye mifereji yake. Mifereji karibu imekwisha. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii pleti mpya ya msuguano ina unene wa karibu milimita 3, na ikifika karibu 2.6 haina kazi tena. Tofauti hiyo jicho halioni. Ndiyo maana nimekuja na venia hii, na ndiyo maana nasikitika kwamba vijiwe vingi vina spika kubwa ya muziki na havina venia.

Pleti za chuma hazitazamwi mara nyingi, na ni makosa. Ukiona madoa ya bluu, hapo joto lilikuwa kubwa. Ilaze juu ya kioo, jaribu kupitisha fila geji ya milimita 0.2 chini yake. Ikipita, pleti imepinda, itupe. Iliyonyooka lakini imeng'aa inaweza kusuguliwa kwa msasa juu ya kioo hicho hicho mpaka mng'ao uishe. Kuweka pleti mpya za msuguano juu ya chuma kilichopinda ni kununua tatizo lile lile kwa risiti mpya.

Springi zipimwe urefu, zote nne, zikilinganishwa na kipimo cha kitabu. Joto linazichosha, zinakuwa fupi hata kama hazijavunjika. Zinabadilishwa zote kwa pamoja. Najua ujanja wa mtaani wa kuweka washa chini ya springi ili zibane zaidi. Unafanya kazi kwa muda, sibishi. Lakini mkono unakuwa mzito, waya unakatika mapema, na washa zikizidi springi inabanwa mpaka mizunguko yake inagusana na klachi haifunguki tena. Kama springi imechoka, bei ya springi nne mpya haifiki bei ya aibu ya kukwama katikati ya makutano.

Kabla ya kufunga, tazameni kile kikombe kilicho kwenye ncha ya krenki kwenye injini za ukoo wa CG. Ni kichujio cha oili kinachofanya kazi kwa kuzunguka: uchafu unarushwa ukutani na kugandia hapo. Kifungueni. Mara nyingi kuna tope jeusi gumu la kukwangua kwa bisibisi. Umekwisha kufungua kava, gasketi imekwisha kuharibika, basi safisha. Itakuwa muda mrefu kabla mtu mwingine hajafika huko. Na gundi ya gasketi iwe nyembamba. Inayobubujikia ndani inakatika vipande na kuishia kwenye chujio la chini, injini inakosa oili.

Pleti mpya zilowekwe kwenye oili ya injini kabla ya kupangwa. Bolti zikazwe kwa msalaba tena, kwa kiasi, siyo kwa hasira.

6. Baiskeli yenye injini

Vijana wa mwaka wa pili, zamu yenu. Injini mliyofunga ni ya mipigo miwili, aina ile inayouzwa kama cc 80 ingawa nyingi ni 66, na klachi yake ni kavu. Inaishi chini ya kifuniko chake pembeni, na kila nilichosema kuhusu oili kinageuka chini juu: huku tone lolote la oili ni balaa. Gia zilizo ndani ya kifuniko hicho zinahitaji grisi kidogo sana kwenye meno. Fundi mkarimu akijaza, grisi inarushwa kwenye vitofali vya msuguano na klachi inateleza siku hiyo hiyo. Vioshwe kwa petroli, vikauke, visuguliwe kidogo kwa msasa. Uchafu ukirudi bila grisi kuongezwa, tazameni sili ya krenki, inaweza kuwa inavujisha petroli yenye oili.

Kubana huko kunarekebishwa kwa ile nati yenye umbo la ua iliyo katikati ya preshapleti. Toa skrubu ndogo inayoizuia, kaza nati kidogo, rudisha skrubu kwenye mkato unaofuata, jaribu. Usiisahau skrubu, nati itajifungua yenyewe njiani. Kipimo chake ni rahisi kuliko cha pikipiki: injini ikiwa imezimwa na mkono umeachiwa, sukuma baiskeli. Gurudumu la nyuma linatakiwa lipambane na mgandamizo wa injini. Likizunguka kwa raha huku injini imelala, inateleza.

Wafaransa walikuwa na VéloSoleX, iliyoanza kuuzwa 1946, ambayo injini yake ilikaa juu ya gurudumu la mbele na kulizungusha kwa rola iliyogandamizwa kwenye tairi. Mvua ikinyesha rola iliteleza kwenye mpira uliolowa. Hata pale, bila pleti wala springi za klachi, maswali yalikuwa yale yale mawili: rola inabana kiasi gani, na tairi linakamata kiasi gani.

7. Dereva, mzigo na hesabu

Mafundi mtanisamehe nikiwageukia waliokalia viti. Kuna klachi ambazo hazina kosa lolote la kiufundi. Dereva anapanda mlima akiwa ameshika klachi nusu ili injini isizimike, kwa sababu hataki kurudi gia ya kwanza. Anasimama kwenye mteremko akiizuia pikipiki kwa klachi, wakati breki ipo. Anaweka spoketi kubwa mbele ili apate mwendo, kisha anabeba mishikaki ya watu watatu na gunia. Spoketi hiyo inafanya kila gia iwe nzito zaidi, kwa hiyo kila kuondoka ni kuteleza kurefu zaidi.

Lakini sitaki lawama zote zimwangukie. Dereva wa hesabu analala akiwaza fedha ya tajiri ya kesho. Pikipiki si yake, au itakuwa yake mkataba ukiisha, na klachi ikianza kuteleza swali la kwanza kijiweni ni nani atalipa. Tajiri anasema umeiua wewe. Dereva anasema ilikuwa hivi nilipoipokea. Wanakubaliana kwa bei ya chini kabisa: pleti za bei rahisi, springi zile zile, oili ya dumu. Mwezi hauishi wamerudi kwa fundi. Natoa maoni yangu waziwazi mbele ya wenye pikipiki: oili sahihi, waya na springi viwe juu ya mwenye mali na viandikwe kwenye mkataba, dereva abebe dhamana ya mchezo wa waya, kuupima kila wiki, kwa kuwa mkono ni wake.

Tunakokwenda kuna pikipiki zisizo na klachi kabisa. Kigali na Nairobi pikipiki za umeme zinabeba abiria kila siku, na hapa kwetu zimeanza kuonekana. Mota ya umeme inatoa nguvu yake tangu ikiwa imesimama, haihitaji kitu cha kuitenganisha na gurudumu ili isizimike. Wanafunzi mlio mwaka wa kwanza mtafanya kazi kwenye mashine hizo, jifunzeni umeme kwa bidii. Lakini za petroli zilizopo barabarani leo ni nyingi, na nyingi zitaendelea kubadilisha mikono mpaka zifike vijijini zikiwa zimechoka, ambako fundi ni mmoja na duka la vipuri liko mbali.

Kwa hiyo naleta mapendekezo mawili mbele ya mwenyekiti. La kwanza, chama cha waendesha bodaboda kinunue venia na fila geji kwa kila kijiwe kikubwa, na chuo kitoe mchana mmoja kuwafundisha mafundi wa kijiwe kuvitumia. La pili, kila fundi aweke daftari la klachi: tarehe, aina ya pikipiki, oili iliyokutwa, mchezo uliokutwa, unene wa pleti zilizotoka, urefu wa springi. Mistari sita tu. Tukutane tena mwakani na madaftari hayo, tuyafungue hapa mezani, na tuone kati ya waya, oili, springi na dereva ni nani anayeongoza katika mji huu. Nina dau langu, lakini nitalitaja siku hiyo.

Mwenyekiti, pleti zangu mbili bado ziko huko nyuma. Zikirudi, tuanze maswali.